SANJE: NILIVYOSHINDWA MBIO NA BIBI

Mpenzi msomaji, kama unadhani kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne siku lifti imegoma ndiko kupanda, nakuomba siku moja ufunge safari hadi Sanje. Ukirudi, ngazi za ofisini utaziona kama kibaraza cha nyumbani kwako.

Sikwenda Sanje kwa utalii. Nilitumwa. Mama watoto wangu ana bibi yake mzaa mama, mwanamke wa miaka 70 kasoro miwili, anayeishi peke yake kijijini hapo chini ya milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro. Babu alifariki miaka mingi iliyopita. Watoto wake wametawanyika, wengi wako Dar es Salaam. Wakakaa kikao na kuamua kwamba Bibi ahamie mjini kabla hajaanguka huko kisimani bila mtu wa kumwinua. Kila mtoto alipompigia simu, alijibiwa kwamba mtandao haushiki. Ndipo wakamkumbuka mkwe wao, mtu wa maneno mengi gazetini, wakaona maneno hayo sasa yafanye kazi.

Basi nikapanda basi la Ifakara alfajiri. Njia wengi mnaijua: Morogoro, halafu hifadhi ya Mikumi ambako twiga na pundamilia wanakutazama wewe uliyemo ndani ya basi kana kwamba wewe ndiye wa hifadhi. Ukifika mji wa Mikumi, kiasi cha kilomita 300 kutoka Dar, unaiacha barabara ya Iringa, unakata kushoto. Hapo hali inabadilika. Unavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, unaingia kwenye miwa. Miwa kushoto, miwa kulia, harufu ya sukari inayochemka. Na upande wa kulia, ghafla bin vuu, ukuta wa mlima wa kijani unasimama wima.

Katika ukuta huo kuna mstari mweupe. Ukiwa barabarani unaweza kudhani mtu ameanika shuka. Hayo ndiyo maporomoko ya Sanje, yanayoshuka jumla ya mita 170 kwa mafungu matatu. Nyumba ya Bibi inatazamana nayo mlangoni.

DAU LA BIBI

Kwetu sisi, mume wa mjukuu ni mtani wa bibi. Nilipofika alinipokea begi huku akinisema majirani wakisikia: "Mume wangu huyo amekuja! Lakini mbona tumbo limetangulia, mwenyewe yuko nyuma?"

Nilikula, nikanywa, nikalala. Asubuhi nikatoa hotuba yangu. Nikaeleza hospitali za mjini, maji ya bomba ndani, televisheni, wajukuu wanaomlilia. Bibi alikuwa akipepeta mchele, hakunyanyua kichwa. Nilipomaliza akauliza swali moja tu:

"Kwa hiyo mmesema nimezeeka?"

Nikajibu kikubwa kwamba si kuzeeka, ni tahadhari.

"Sawa," akasema. "Ule mlima unauona? Kesho twende mimi na wewe mpaka juu maji yanakoangukia. Ukinitangulia kufika, nafunga virago, nahamia Dar kwenu. Nikikutangulia, ukawaambie waliokutuma waniache."

Nilicheka. Nilimtazama bibi kizee aliyefunga khanga kiunoni, nikajitazama mimi mwanamume wa miaka 46, nikaona kazi imekwisha. Nikamtumia mama watoto ujumbe kwamba aandae chumba.

Kesho yake tukaanzia Mang'ula, kiasi cha kilomita kumi mbele ya Sanje, kwenye makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hilo likumbuke na wewe msomaji: kibali na mwongozaji unavipata Mang'ula kwanza, ndipo unarudi Sanje kupanda. Malipo siku hizi ni kwa namba ya malipo kwenye simu, si noti mkononi. Na Mtanzania hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na dola anazotoa mgeni. Tulipewa kijana mmoja mpole, akatukagua viatu. Mimi nilikuwa na raba mpya za kung'aa. Bibi alikuwa na raba za plastiki za shambani. Kijana akatikisa kichwa, lakini kwa kutazama zangu.

NGOMA NZITO

Udzungwa ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Tofauti yake na Mikumi au Serengeti ni kwamba humo hakuna kutembezwa kwa gari ukiwa umekunja nne. Hamna barabara. Ni miguu yako tu na Mungu wako. Kilele chake kikubwa, Luhombero, kina mita 2,579, na huko watu hupanda kwa siku kadhaa. Sanje ni ya nusu siku, kwa hiyo niliidharau.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu. Kivuli, hewa baridi, vipepeo. Nilikuwa mbele, napiga hadithi. Halafu njia ikasimama. Sina neno jingine, msomaji: ilisimama. Magoti yanakutana na kidevu, mizizi ya miti ndiyo ngazi, na kila ukidhani pale kwenye mwanga ndio mwisho, ukifika unakuta kona na mlima mwingine umekaa unakusubiri.

Jasho likanitoka chapachapa. Moyo ukawa unagonga masikioni kama mashine ya kusaga. Nikaanza ujanja wa watu wazima: kusimama na kujifanya nasifia miti. "Aisee, mti huu mkubwa sana!" Nasimama dakika tatu. "Na huu je?" Dakika tano. Kijana mwongozaji, kwa adabu zake, akawa ananijibu kila mti. Alinieleza kwamba msitu huu unaanza huku bondeni, kwenye mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupanda mfululizo hadi zaidi ya mita 2,000 bila kukatika, jambo ambalo ni adimu sana Afrika Mashariki. Nilimpenda kwa maelezo yale. Kila takwimu moja ilikuwa ni pumzi tatu kwangu.

Wakati huo Bibi alishanipita kitambo. Hakukimbia. Alikuwa na mwendo mmoja tu tangu chini, hatua fupi, mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba chumvi. Hakusimama, wala hakuharakisha. Mimi nilikuwa napanda kwa vipande: mbio, kufa, mbio, kufa.

Katikati ya njia kizunguzungu kikanishika. Niseme ukweli, mimi ni mtu wa vidonge vya presha, na asubuhi ile kwa kihoro cha ushindi nilivisahau kwenye begi. Nikashika mti, macho yakaingia giza. Bibi, ambaye nilidhani yuko mbali, alikuwa amesimama kwenye kona ananitazama. Akarudi chini.

"Kaa," akasema. Nikakaa. "Kunywa maji. Usigugumie. Haya, hema."

Tulikaa robo saa. Hakunicheka hata mara moja, na kwa mtani hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kijana aliniuliza mara mbili kama nataka turudi, na alikuwa tayari kabisa kurudi. Niliponyanyuka, macho yalikuwa yametulia. Bibi akaninyang'anya begi langu, akalitia mgongoni mwake.

"Mlima haukimbii," akasema. "Nyie wa mjini ndio mnaokimbia."

NYANI ALIYEGUNDULIWA

Tulipokuwa tumekaa pale, matawi yakatikisika juu. Kwanza walipita mbega wekundu, wale wenye nywele nyekundu kichwani kama kofia, ambao duniani kote wanapatikana Udzungwa na maeneo ya jirani tu. Halafu kwa mbali ikasikika sauti nyingine, nzito, kama mtu anaita na kucheka kwa pamoja. Kijana akasema huyo ni mangabei wa Sanje, nyani wa kijivu aliyegunduliwa na wataalamu mwaka 1979 katika msitu huu huu, ndiyo maana akapewa jina la kijiji.

Bibi akadakia: "Aligunduliwa? Kwani alikuwa amepotea? Huyo si ngolaga? Tumemjua tangu nilipoolewa hapa."

Kijana alicheka, akakubali kwamba ni kweli. Wataalamu walisikia mlio wasioujua, na wenyeji ndio waliowatajia mnyama mwenyewe na jina lake. Nikaona hapo kuna somo kwa sisi wenye kalamu. Kuna vitu vingi tunavigundua ambavyo bibi zetu wanavijua siku zote.

JUU KABISA

Sitakudanganya kwamba nilifika kwa kishindo. Nilifika kwa mikono na miguu. Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe muda mrefu, khanga amejitanda mabegani, amevua viatu. Dau lilikuwa limekwisha na wote tulijua. Hakulisema.

Juu pale maji yametulia kwenye dimbwi safi kabla hayajajitupa. Watu huoga humo. Mimi nilitia kichwa kizima, nikasikia roho inarudi. Halafu nikasogea kutazama mbele, si karibu na ukingo, kwani mawe yanateleza na kijana alikuwa mkali kwa hilo. Nikanyamaza.

Bonde lote la Kilombero liko miguuni mwako. Miwa imepangwa kama vigae, kijani kibichi hapa, kahawia pale ilipovunwa. Bati za nyumba zinametameta. Barabara ni uzi. Moshi wa kiwanda uko mbali upande wa Kidatu. Zaidi ya hapo ni tambarare inayokwenda mpaka inachanganyika na mbingu. Na upepo unaotoka chini unakupiga usoni na harufu ya miwa.

Nikamuuliza Bibi kama aliwahi kufika pale. Akasema hapana. Miaka zaidi ya 40 amekaa chini ya maji yale, ameyanywa, ameyafulia, ameyasikia usiku yakinguruma masika. Mlimani alikuwa anaingia, maana hadi mwaka 2011 wanawake wa vijiji vya pembeni waliruhusiwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Lakini walikomea chini.

"Na hata kama tungefika," akasema, "kuni unazitafuta unatazama chini. Nani angetazama mbele na mzigo uko kichwani?"

Akaanza kutafuta nyumba yake. Ilimchukua muda. Alianzia shuleni, akafuata njia kwa kidole, akaufikia mwembe, akalipata bati lake. "Ile pale," akasema kwa sauti ndogo. Halafu kidole kikasogea kidogo hadi kwenye kichaka cha miti upande wa pili wa njia. Pale ndipo alipolala Babu, aliyekuja kutoka Mahenge kijana mdogo kukata miwa na hakurudi tena kwao.

"Nilikuwa nadhani ni mbali," akasema. "Kila Ijumaa naona kama nakwenda safari. Kumbe ni hapo hapo."

Nilitaka kuanza tena habari za Dar. Ulimi ukakataa.

Kitu kingine alichokiona Bibi ni mpaka. Kwa juu unaona wazi msitu unapoishia na mashamba yanapoanza. Hakuna nafasi katikati. Ni kama mtu amekata kwa kisu: huku miti, huku miwa na mpunga. Bibi alilitazama hilo muda mrefu. Akasema walipofungiwa kuni mwaka ule alikasirika sana, akawaona wakubwa wamewaonea, maana sufuria haiivi kwa maneno.

"Sasa naona walichokiogopa," akasema. "Ni kidogo, kumbe. Lakini wangetuuliza basi tutapikia nini."

Kijana mwongozaji, naye mtoto wa vijiji hivyo hivyo, hakuwa na jibu la haraka. Akasema mama yake naye alikuwa akisema hivyo hivyo, na siku hizi nyumbani kwao wamepanda miti yao ya kuni nyuma ya nyumba. Bibi akasema na yeye anayo, kumi na minne. Wakaanza kuulizana ni miti gani inakua upesi. Mimi nikabaki nakula ndizi.

KUSHUKA

Wapo wanaosema kushuka ni raha. Hao hawana magoti. Kupanda kunakutesa pumzi, kushuka kunakutesa mifupa. Njia ya kurudia inapita chini ya maporomoko, unapigwa na manyunyu mpaka unalowa kama umenyeshewa, na ukitazama juu, maji yanaonekana kama yanashuka polepole, ingawa mlio wake unakuzuia hata kusikilizana.

Ni hapo, tukiwa tumeyapa maji mgongo, nilipohisi mkono begani kwangu. Bibi alikuwa amenishika. Nikadhani utani. Nilipogeuka nikaona uso umekunjamana. Goti la kulia lilikuwa limegoma.

"Tembea tu," akasema. "Usigeuke geuke."

Tulishuka hivyo zaidi ya saa nzima, mimi mbele, mkono wake begani kwangu, begi nimelichukua tena. Kila penye jiwe refu nilimpa mkono. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Chini ya ile khanga na yale maneno, alikuwa mwepesi kama kifurushi cha majani makavu. Karibu na kijiji akasimama, akajifuta uso, akaniachia bega.

"Mume wangu," akaniambia, "wewe umeniona. Wale wasijue."

Akaingia kijijini anatembea mwenyewe, mikono nyuma, anasalimia watu kulia na kushoto, anawatangazia kwamba mwanamume wa Dar amebebewa begi na bibi kizee. Watu walivunjika mbavu. Na mimi nilicheka kuliko wote.

UAMUZI

Nilirudi Dar bila Bibi. Kwenye kikao nilisema dau limeliwa na lazima liheshimiwe. Kelele zilikuwa nyingi. Nikawaambia wakitaka kumhamisha, kwanza kila mmoja apande Sanje akaone kile alichonionyesha, ndipo tuongee. Hakuna aliyejitokeza.

Lakini nilisema na jambo la pili, bila kutaja goti. Nilisema kwamba kumwacha alipo si kumwacha peke yake. Tukakubaliana mjukuu mmoja aliyemaliza kidato cha nne aende akae naye, na jiko la gesi lipelekwe ili zile kuni kumi na nne zisikatwe zote kwa mkupuo. Mjukuu ameshafika. Nasikia Bibi anamlalamikia kwamba analala mpaka jua linachomoza.

Kuhusu goti, mpenzi msomaji, niliahidi kutowaambia, na mdomo wangu haujawaambia. Sasa wanasoma hapa. Bibi atanisamehe. Na asiponisamehe, najua adhabu yake: atanipandisha tena.

Kwa wewe unayetaka kwenda, haya machache nakupa bure. Nenda kati ya Juni na Oktoba, mvua ikiwa imekatika. Masika njia ni sabuni. Anza asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Maji lita mbili kwa mtu, si soda. Suruali ndefu, maana siafu hawana utani, ichomeke ndani ya soksi. Kama unameza vidonge, vimeze. Usijitupe kwenye ukingo kwa ajili ya picha. Na ukimkuta njiani bibi kizee mwenye raba za plastiki, mikono nyuma, mpishe apite. Usishindane naye.